Poliesta, vinilesta au epoksi: resini ipi kwa bodi ya faiba ya gari la zamani hapa Mombasa?

Chukua sarafu ya shilingi ishirini ugonge nayo bodi ya gari lako, polepole, kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma. Palipo pazima, faiba hulia mlio mkavu kama kigae cha sakafu. Ukifika mahali sauti inapozama, ikawa kama unagonga papai lililoiva, basi tabaka zimeachana ndani hata kama rangi ya juu bado inang'aa. Nilifunzwa hivyo na mzee mmoja, fundi wa boti za faiba kule Mtwapa, siku nilipompelekea mlango wa gari langu kwa tuktuk ili nimuulize ninunue resini gani, yaani ile gundi ya maji inayogandisha nyuzi za faiba.

"Mwanangu, resini baadaye," akaniambia. "Kwanza nionyeshe panapolia vibaya."

Tukapata sehemu tatu kwenye mlango ule mmoja: pembeni mwa bawaba, chini kabisa maji yanapotuama, na katikati palipowahi kugongwa. Kila sehemu ilikuwa na ugonjwa wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini miezi yote ile nilikuwa nimekwama. Nilikuwa natafuta resini moja bora kwa gari zima.

Gari lenyewe ni Reliant Scimitar GTE ya 1973, yenye injini ya Ford V6 ya lita 3, na nalitengenezea Tudor, uani kwa ami yangu, chini ya mti wa mkungu. Lako huenda ni Lotus Elan, TVR, Alpine A110, au Corvette ambayo mtu aliileta kutoka Marekani zamani. Asili yao ni moja: nyuzi za kioo zilizoloweshwa resini ya poliesta na kulazwa ndani ya kalibu. Corvette za mwaka wa kwanza, 1953, zilikuwa 300 tu, na zote zilivishwa bodi ya namna hiyo. Lotus Elite iliyotoka 1957 ilikwenda mbali zaidi, kwani bodi yake ya faiba ndiyo chesisi pia.

Ukiuliza watu watatu utapata majibu matatu. Fundi wa boti atakupa poliesta kwa sababu ndiyo anayoishika kila siku. Mwenye duka atakusifia iliyo ghali. Wenye magari haya kule Uingereza watakwambia epoksi, lakini wao wanafanya kazi kwenye gereji ya baridi wakihangaika resini ishike na kuwa ngumu. Sisi tunahangaika isishike kabla hatujaimaliza. Joto letu, unyevu wetu na chumvi yetu vinabadilisha hesabu, na ulinganisho huu nimeuandika kwa mtu anayefanyia kazi hapa pwani, nyumbani kwake.

Vigezo nilivyotumia

Kila resini nimeipima kwa mambo sita yale yale: inavyoshikamana na bodi ya zamani, inavyovumilia joto na unyevu wakati wa kuipaka, inavyomtendea mtu anayeipumua na kuigusa, inavyopokea rangi na jua baadaye, gharama na upatikanaji wake, na mwisho, inamfaa nani.

Nguvu sikuiweka kama kigezo peke yake, na nimefanya hivyo makusudi. Bodi za magari haya nyingi zina unene wa milimita chache tu, na zimedumu miaka hamsini kwa poliesta ya kawaida. Viraka vingi nilivyoviona vikifa, vikiwemo vyangu, resini yenyewe ilikuwa nzima. Kilichoachia ni pale mpya ilipokutana na ya zamani.

Kazi isiyobadilika, ununue resini yoyote

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, tukubaliane kwanza juu ya matayarisho.

Rangi ya zamani itoe kwa msasa na kwa kukwangua na wembe mpana. Dawa kali za kubandua rangi, zile za kupakwa kwenye bati, usizikaribishe. Haziishii kwenye rangi. Huingia kwenye jelikoti, lile tabaka la nje la resini juu ya faiba, na kuilainisha, na zinazobaki kwenye vinyweleo hutoka baadaye chini ya rangi mpya.

Ufa usiuzibe na bodi fila. Ufuate. Kwenye tao la gurudumu la mbele la gari langu kulikuwa na nyufa za nyota, zile zinazotawanyika kutoka kitovu kimoja kama utando wa buibui. Nyufa hizo huanza kwa kugongwa kutoka upande wa ndani, kwa kawaida jiwe linalorushwa na tairi. Mwenye gari kabla yangu alizifunika na bodi fila nene kama kidole gumba, na kila msimu wa joto zikarudi. Dawa ni kuukwangua ufa wote mpaka uione faiba nzima. Ikiwa umepenya hadi upande wa pili, para kingo zake kwa mteremko mrefu, mara kumi na mbili ya unene wa bodi. Bodi ya milimita 3 inataka mteremko wa milimita 36 kila upande. Mara ya kwanza utaona unaharibu zaidi ya kutengeneza. Usiogope, eneo hilo pana ndilo litakalobeba kiraka.

Halafu maji. Ukishaitoa rangi, nyuzi zilizo wazi hufyonza maji kama utambi. Osha kwa maji matamu. Visima vingi vya hapa Mombasa vina maji ya chumvi, na chumvi ikibaki juu ya bodi itavuta unyevu chini ya rangi na kuleta malengelenge. Mimi nilinunua mitungi ya maji matamu kwa kazi hiyo tu. Baada ya kuosha, iache bodi ikauke siku kadhaa, kisha ufanye jaribio hili: jioni bandika kipande cha nailoni juu yake, uzibe kingo zote kwa selotepu. Asubuhi ukikuta umande upande wa ndani wa nailoni, ngoja tena.

Mwisho, piga msasa mkavu wa namba 60 au 80, futa vumbi, pitisha kitambaa safi chenye asetoni, na uanze kazi siku hiyo hiyo. Ukiuacha uso huo hadi kesho, hewa ya bahari itakuwa imeshaufikia.

Poliesta

*Kushikamana.* Hii ndiyo resini ya asili ya gari lako, lakini undugu huo usikudanganye. Poliesta iliyoshika miaka hamsini iliyopita haiyeyukii tena kwenye ile mpya. Kiraka kinashikilia kwenye mikwaruzo ya msasa wako, na mikwaruzo ikiwa hafifu kitaachia. Kingine ni kwamba hunywea, yaani husinyaa, ikishika, kwa asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake, na kunywea huko huivuta kingo ya kiraka. Kiraka changu cha kwanza nilikiweka nyuma ya taa ya mbele, mahali palipokuwa na mafuta ya zamani ambayo sikuyaona. Baada ya wiki tatu niliingiza bisibisi kwenye kingo kikatoka kizima mkononi, kisafi upande wa chini, bila uzi hata mmoja wa bodi. Nilikaa nacho chini ya mkungu muda mrefu nikikigeuzageuza. Kosa halikuwa la resini.

Bado kwa eneo pana lililoparwa vizuri poliesta inatosha kabisa, na ndiyo pekee kati ya hizi tatu inayokurudishia bodi ileile iliyotoka kiwandani. Tena inapatana na mkeka wa kawaida wa faiba, ule wa nyuzi zilizokatwa fupifupi. Gundi inayoushikilia mkeka huo imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, ndiyo sababu mkeka unalegea na kukaa kwenye pindo na kona bila kusumbua. Tabaka moja la mkeka wa gramu 450 (uzito wa mita mraba moja) hukupa karibu milimita moja, na hunywa takriban kilo moja ya resini kwa kila mita mraba.

*Joto na unyevu.* Hapa una uhuru ambao epoksi haikupi. Hadina yake (kigumishi), ile ya maji iitwayo MEKP, huwekwa kati ya asilimia 1 na 2. Katika joto la Februari la nyuzi 32 mimi hukaa kwenye 1: gramu 5 kwa nusu kilo ya resini, nikipima kwa mizani ndogo ya jikoni. Usishuke chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkebe ukidhani unajiongezea muda, maana kiraka kinaweza kubaki laini ndani daima. Ukitaka muda, changanya kidogo kidogo. Resini iliyojaa kwenye kopo hujipasha moto yenyewe. Nimeona kopo likitoa moshi na kupasuka chini mchana wa kaskazi. Mimina kwenye sinia pana, ipoe.

Unyevu huiathiri zaidi kupitia mkeka. Mkeka uliokaa wazi wakati wa masika hunyonya hewa ya maji, na ukiulowesha hubaki na weupe usioondoka. Uweke ndani ya mfuko uliofungwa, uanike juani kabla ya kazi.

*Pua na ngozi.* Hapa poliesta ni jirani mgumu. Ile harufu kali ni ya staireni, na mvuke wake unaweza kushika moto kuanzia nyuzi 31 hivi, yaani joto la kawaida la mchana wetu. Jiko la makaa la jirani lisiwe karibu, wala sigara. Barakoa ya kitambaa haisaidii. Tafuta yenye vichujio vya mvuke. Na MEKP ikikuingia jichoni inaweza kulipofusha, kwa hiyo miwani inayoziba pembeni ivae kabla ya kufungua chupa, na ndoo ya maji matamu iwe hapo ulipo. Resini nyingi za dukani zimeshatiwa kichapuzi. Ukiuziwa kichapuzi cha kobalti kando, kisikutane na MEKP peke yao hata tone, maana hulipuka. Kimoja kiingie kwenye resini kwanza na kikorogwe kabisa ndipo kingine kifuate.

*Rangi na jua.* Inapokea jelikoti, bodi fila na praima bila ugomvi. Ubaya wake ni kwamba inaendelea kunywea polepole. Ukiwahi kupaka rangi, baada ya mwezi mmoja wa jua utaona ramani ya nyuzi na kingo za kiraka zikijichora juu ya rangi. Lisukume gari juani likiwa na praima, liache wiki kadhaa, kisha lipige msasa upya.

*Mfuko.* Ndiyo rahisi kuliko zote na hupatikana kisiwani bila kuagiza, kwa sababu boti, matangi na bampa za matatu zote huitumia. Nunua kiasi cha mwezi mmoja tu, kwani kwenye joto letu huzeeka ndani ya mkebe.

*Inamfaa* mwenye eneo pana la kujenga upya, mwenye uwanja wa hewa, mwenye subira ya kungoja jua lifanye kazi yake, na anayetaka gari libaki kama lilivyozaliwa.

Vinilesta

Hii nitaipitia upesi, kwa sababu matumizi yake kwenye gari ni machache ingawa ni ya maana.

*Kushikamana.* Imetokana na epoksi lakini imeyeyushwa kwenye staireni na hushika kwa hadina kama poliesta. Hushikamana na bodi ya zamani vizuri kuliko poliesta, huvumilia kupindwa zaidi kabla ya kupasuka, na hupatana na mkeka ule ule wa kawaida. Sifa yake kubwa ni kukataa maji. Watengenezaji wa boti huiweka tabaka la kwanza nyuma ya jelikoti ili kuzuia malengelenge.

*Joto na unyevu.* Kazini ni kama poliesta, ila baadhi hutoa povu zikikutana na MEKP ya kawaida na huhitaji hadina nyingine, basi soma mkebe. Tatizo lake hapa ni umri. Vinilesta nyingi zimepewa miezi mitatu hadi sita kwenye nyuzi 25, na stoo ya Mombasa haina nyuzi 25. Ukinunua mkebe uliokaa rafuni mwaka mzima, umenunua jeli.

*Pua na ngozi.* Staireni ile ile, tahadhari zile zile.

*Rangi na jua.* Hunywea kiasi, hustahimili joto vizuri, na hupokea jelikoti na rangi kama poliesta.

*Mfuko.* Iko katikati ya poliesta na epoksi kwa bei, na ni ngumu kuipata kwa kilo moja moja. Njia yangu ilikuwa kwa fundi wa boti aliyefungua pipa wiki hiyo, akanipimia kilo mbili.

*Inamfaa* mwenye sehemu zinazoishi kwenye maji na matope: ndani ya matao ya magurudumu, kingo za chini za milango, sakafu ya buti, trei ya betri. Na awe na uhakika wa kuipata ikiwa mpya.

Epoksi

*Kushikamana.* Hakuna inayoshinda epoksi katika kuishika bodi ya zamani. Inanywea kidogo sana, kwa hiyo haijivuti kwenye kingo, na inashika chuma pia. Jambo hilo la pili ni kubwa. Magari haya yana vyuma vilivyofichwa ndani ya faiba: Lotus Elan ina vipande vya metali vyenye umbo la kigurudumu cha uzi vilivyozamishwa ndani ya bodi ili kupokea bolti, na mengine yana mabamba ya chuma nyuma ya bawaba na kwenye nanga za mikanda ya usalama. Chuma kikipata kutu huvimba na kuipasua faiba kutoka ndani. Ile sauti ya papai karibu na bawaba ya mlango wangu ilikuwa hiyo hasa. Nilipofungua nilikuta bamba limeota magamba ya kutu mekundu na faiba imefunguka kama kurasa za kitabu kilicholowa. Mahali kama hapo sikutaka kubahatisha na poliesta.

Lakini epoksi haipatani na mkeka wa kawaida. Gundi ya mkeka haiyeyuki ndani yake, kwa hiyo mkeka unabaki mkaidi na kuacha mifuko ya hewa kwenye kona. Tumia kitambaa cha faiba kilichofumwa, au kile cha nyuzi zilizoshonwa. Ni jambo la kukumbuka dukani kabla hujalipa.

*Joto na unyevu.* Hapa ndipo epoksi inapomtaka mtu nidhamu. Kipimo chake hakichezewi. Kama mkebe umesema sehemu 5 kwa 1 au 2 kwa 1, ni hivyo hivyo kiangazi na masika. Hadina ikizidi au ikipungua, inabaki laini. Angalia pia kama kipimo ni cha uzito au cha ujazo, maana si kitu kimoja. Unachoweza kubadilisha ni aina ya hadina. Omba ya polepole, ya nchi za joto. Kila joto likipanda nyuzi 10, muda wa kufanya kazi hukatika karibu nusu, kwa hiyo hadina ya nusu saa Ulaya inaweza kukupa robo saa hapa, au chini.

Unyevu nao huacha alama. Nilipaka epoksi saa kumi na moja jioni, mwezi wa Mei, mvua ikiwa imetoka kunyesha. Asubuhi niliikuta imeshika, lakini juu ina utelezi kama wa nta. Ningeupiga msasa ningeusaga kuingia ndani, na rangi isingekaa. Utelezi huo hutoka kwa maji peke yake: maji matamu ya uvuguvugu na sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, kisha kitambaa kikavu. Asetoni huusambaza tu. Tangu siku hiyo naanza saa tatu asubuhi, umande ukishaondoka, ili resini iwe imeshika kabla ya unyevu wa jioni.

*Pua na ngozi.* Harufu ni ndogo, na watu hudhani basi ni salama. Adui hapa ni ngozi. Ukiigusa mara kwa mara mwili unaweza kuikataa, na ukishaikataa haurudi nyuma: vipele kila unapoikaribia, maisha yako yote. Vaa glavu za nitraili na uzibadilishe, usijifute kwa asetoni, na vumbi la epoksi ambayo haijaiva usilipumue.

*Rangi na jua.* Epoksi huharibiwa na jua ikiachwa wazi, kwa hiyo lazima ifunikwe. Iache wiki nzima iive, ioshe, ipige msasa, uweke praima ya epoksi, kisha rangi. Jelikoti ya poliesta juu ya epoksi ni kamari. Mara nyingi haishiki au haikauki upande wa chini. Na jambo ambalo wenye magari ya nchi za baridi hawalitaji sana: epoksi nyingi zinazoiva bila oveni huanza kulegea kati ya nyuzi 50 na 70. Gari jeusi au la buluu iliyokoza likisimama mchana kutwa kwenye jua la kaskazi hufika huko na kupita. Boneti iliyojengwa kwa epoksi na kupakwa rangi nyeusi itakuonyesha ufumaji wa kitambaa chini ya rangi.

*Mfuko.* Ni ghali mara kadhaa ya poliesta, na ile yenye hadina ya polepole mara nyingi huagizwa. Lakini kwa bawaba mbili na nanga za mikanda hutahitaji hata kilo mbili, na iliyobaki hukaa vizuri muda mrefu kuliko zile nyingine.

*Inamfaa* mwenye kazi ndogo za kubeba uzito, mwenye mikono ya kupima kwa uangalifu, na anayeishi karibu karibu na majirani.

Ukitaka kutumia zaidi ya moja

Gari langu lina zote tatu sasa, na sioni aibu kwa hilo. Kinachotakiwa ni kuheshimu mpangilio. Epoksi juu ya poliesta ya zamani iliyopigwa msasa, sawa. Vinilesta na poliesta hupokezana bila tatizo. Poliesta juu ya epoksi, epuka. Kwa hiyo mahali panapotaka epoksi, amua mapema kwamba tabaka zote za hapo hadi praima zitakuwa za epoksi, na poliesta iishie nje ya mpaka huo.

Kwa hali yako

Kama nyufa zako ni za jelikoti tu na faiba ya chini inalia vizuri kwa sarafu, zikwangue, weka tabaka la mkeka mwembamba sana na poliesta, kisha bodi fila kidogo. Usilipe bei ya epoksi kwa kazi hiyo.

Kama kuna kipande kizima kilichopotea, kona ya bampa au tao la gurudumu, chukua poliesta na mkeka wa 450. Fanya kalibu kwa upande ule ule wa gari la mwenzio. Jenga kutoka ndani ili uso wa nje uhitaji kazi ndogo.

Kama ni bawaba, nanga za mkanda, au mahali bodi inapofungwa kwenye chesisi: epoksi, na chuma chenye kutu kitolewe kabisa kwanza. Na kama gari lako ni Elite ya kwanza, ambayo bodi ndiyo inayobeba kila kitu, ufa ulio karibu na viungo vya magurudumu usiufanye peke yako uani. Mtafute mtu aliyejenga boti, akae nawe.

Kama unaishi ghorofani Majengo au kwenye ua wa nyumba sita zenye watoto, staireni si yako. Ng'oa milango na boneti uzipeleke kwenye yadi ya boti, ulipie nafasi ya siku mbili, na nyumbani ufanye yale ya epoksi tu.

Kama umeshachagua rangi nyeusi, jenga uso wa nje kwa poliesta au vinilesta na uliache gari juani miezi miwili kabla ya rangi ya mwisho. Kama rangi ni nyeupe au ya malai, epoksi haitakusumbua.

Kama nafasi yako ya pekee ni Aprili hadi Juni, tumia masika kukwangua, kupara na kusaka vipuri chini ya paa. Resini ingoje Agosti, kusi inapopoa na mchana huishia kwenye nyuzi 28 hivi. Huo ndio msimu ninaoupenda kuliko yote kwa kazi hii.

Na kama bado umesimama katikati, fanya nilivyofanya mwisho. Geuza boneti, tayarisha sehemu tatu za ukubwa wa kiganja upande wa ndani, weka kiraka kimoja kwa kila resini unayoweza kuipata, uache wiki mbili. Kisha chukua patasi na nyundo uving'oe. Kiraka kinachotoka na nyuzi za bodi ya zamani kilishika. Kinachotoka kisafi, rudi kwenye msasa kabla hujarudi dukani.